Kizibo cha Nyuma

Thunder Bay, Februari. Theluji imefika kwenye kitasa cha mlango.
Ndani ya gereji, hita ya mafuta ya taa inakohoa,
na bloki ya Chevrolet ya baba imelala chali juu ya stendi,
tupu, imeoshwa, kila tundu linanitazama.

Watu husifia pistoni. Husifia krenki ilivyong'arishwa.
Mimi nina kopo la kahawa, na humo vidude vyangu:
vizibo vya shaba, kama vikombe vya mwanasesere,
pini mbili za kulengea, skrubu zisizo na kichwa,
vitu vya kuanguka uvunguni na kutafutwa kwa magoti.

Nafuta tundu mpaka kitambaa kibaki cheupe.
Napaka gundi, nyembamba, kwa kidole cha mwisho.
Natia soketi ndani ya kikombe, nagonga,
si kwa hasira; kizibo hakitaki hasira.
Mlio wa kwanza ni wa bati,
wa pili ni wa gogo,
wa tatu, kinapokaa, bloki nzima huitika
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.
Maji yakiganda, hivi ndivyo vitakavyosukumwa nje
ili chuma kisipasuke.
Kazi yao ni kushindwa mapema. Navipenda kwa hilo.

Halafu nafungua kifuniko cha beringi ya nyuma,
namulika kwa kurunzi tundu
ambamo kizibo kingine, kidogo kuliko kifungo cha koti,
kilipaswa kukaa miaka yote.
Hakimo.
Hakijawahi kuwamo. Kuta zake laini, hazina kovu la nyundo.

Kumbe oili ilipita njia ya mkato,
ikaikwepa filta, ikabeba taka zake hadi kwenye beringi,
majira tisa ya baridi,
na baba, Reino Lahtela, fundi asiyekosea,
akasimama papa hapa akamwambia Veikko:
"Wewe ndiye uliyetia oili chafu."
Veikko alikuwa na miaka kumi na saba.
Alivaa buti asifunge kamba.
Alikwenda Alberta. Mama akaendelea kupanga sahani tano
hadi Pasaka.

Kizibo chenyewe ni senti arobaini.
Duka la Kowalchuk hukutupia bure ukinunua gasketi.

Nakitia. Nagonga mara tatu, na ya nne kwa woga tu.
Mikono imejaa grisi, nabonyeza simu kwa kiwiko.
"Veikko. Kile cha nyuma, chini ya kifuniko. Hakikuwekwa."

Kimya. Nasikia redio yake ikisoma hali ya hewa ya kwao,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kisha sauti, ya fundi, bado si ya ndugu:
"Umekizamisha kiasi gani?"
Napima kwa kucha, namwambia.
"Ongeza kidogo. Kikichomoza, kifuniko hakitakaa."

Narudi na nyundo.
Hakati simu.