Asilimia ya Kiti

Julai, Geelong. Baridi imesimama dirishani kama mdai.
Nimemwaga sanduku la viatu mezani:
risiti zimefifia, nyingine nyeupe kabisa,
wino umekwenda zake na ushahidi wangu.

Mhasibu Vlahos yuko kwenye simu, sauti kavu:
"Cha kazini, kata. Cha nyumbani, acha.
Kinachokula kotekote, gawa.
Na uandike, Merrin. Mali bila daftari,
unajua mwenyewe."

Basi nagawa.
Kompyuta mpakato haikatwi kwa mkupuo,
inachakaa kwa mafungu, mwaka hadi mwaka,
kama mwenye nayo.
Kozi ya usalama wa mitandao: yote.
Kahawa ya saa tisa usiku: hapana,
ingawa ndiyo iliyofufua seva, si mimi.
Nauli ya treni hadi Melbourne: hapana.
Kwenda kazini si kazi, sheria imesema,
sheria isiyojua giza la stesheni saa kumi na moja.
Kiti hiki cha magurudumu: asilimia sitini.
Arobaini ni ya paka.

Nikafika kwenye simu.
Inatakiwa kumbukumbu ya wiki nne za kawaida.
Nikatoa za Mei, kwa kuwa ndizo nilizoandika.
Jumanne, Thuy wa ofisini, dakika kumi na mbili. Kazi.
Jumanne, Thuy tena. Kazi.
Alhamisi, saa nne usiku, kaka yangu Hamish,
mara tatu.
Nilikuwa zamu, mfumo wa hospitali umeanguka,
watu wanasubiri majibu ya damu;
nikailaza simu kifudifudi.
Ijumaa nilimpigia. Dakika arobaini na moja.
Mama alikuwa ameshakata roho.

Vlahos, ile ambayo sikuipokea
inaingia safu gani?
Kazi ndiyo iliyoila,
lakini haina dakika, haina senti,
na fomu yako haikuacha mahali pa sifuri.

Kimya. Nasikia droo ikifunguliwa kule kwake,
ikifungwa bila kutolewa kitu.
"Andika binafsi," anasema.
Anakohoa.
"Haya. Intaneti, asilimia ngapi?"

Nasema thelathini na tano.
Ninao ushahidi wa hamsini.

Nikainuka kuchemsha maji.
Niliporudi paka alikuwa amelala kitini,
amechukua fungu lake
na la serikali.