Anayeyajua Maua kwa Mizizi

Tulianzia nyuma ya nyumba za mwisho za Mbeya,
mikaratusi ikinuka dawa ya kifua,
Ambakisye mbele, koti la mvua begani,
panga kaliacha ofisini, ndiyo sheria.

Kilele, saa tatu, kibao kinasema.
"Saa tatu za nani?" akauliza,
akacheka peke yake.

Juu ya mianzi ukungu ukatumeza.
Nikausikia mji bila kuuona:
honi ya lori la Tunduma,
mtu akigonga bati,
jogoo aliyechelewa.

Kisha nyasi, na ndani ya nyasi ua
la zambarau, dogo kuliko ukucha.
Mimi nilitoa simu. Yeye alichuchumaa,
akagusa udongo, si ua.

"Hili bado. Kiazi chake huku chini
ni kama kidole gumba cha mtoto.
Zamani ningelipita,
nirudi mwaka wa pili na gunia."

Chikanda, alisema, ilimsomesha Tusekile
mpaka kidato cha nne.
Mteremko mzima, ule pale,
ulivuka mpaka usiku mmoja
ukaenda kupikwa.

Hakuomba radhi. Hakujisifu.
Aliokota kijiti, akakichomeka kando ya njia
ili mguu wangu ujue pa kukwepa.

Wakati wa kushuka nilivihesabu vijiti,
vya leo na vya siku nisizozijua.
Nilifika arobaini na kimoja, nikapotea,
maana vingine
vimeshaota majani.