Ufa wa Chumba cha Tatu

Saa nane na robo usiku, Majengo, Moshi,
kikombe kilianza kusema na kisahani chake.
Kisha kitanda. Kisha mabati yote kwa pamoja,
kama mtu anamwaga gunia la kunde juu ya paa.

Mama Namkunda alitoka na kanga moja na redio.
"Tokeni! Acheni viatu!"
Tukasimama uani, wapangaji sita,
tukaitazama nyumba ikicheza.

Naapa ilicheza.
Nguzo za mringaringa zilikwenda kushoto, zikarudi,
fito zikalia kwenye mafundo yake,
udongo ukadondoka vipande vipande
kama mtu anayevua koti bila haraka.
Ukuta ukabaki mbavu nje, wima.

Kwa jirani Kimaryo, nyumba ya tofali za saruji,
hakuna kilichocheza.
Tulisikia tu: pa!
Asubuhi tukaukuta ufa umepanda ukutani kwa ngazi,
tofali hadi tofali, toka msingi hadi dirishani.
Kiganja kinapita.

Sisi nasi tusijisifu.
Jiko la mawe lilimwangukia tetea aliyekuwa akiatamia.
Nguzo ya kona mchwa walikwisha kuila ndani,
ilisimama kwa mazoea tu.
Na kile kipande cha chumba cha tatu, changu,
ambacho Elifasi, mwanawe, alikipiga lipu ya saruji Krismasi iliyopita
("kipendeze, mama, tufanane na watu"),
kiling'oka kizima kama mlango
kikalala juu ya mto wangu,
pale kichwa kilipokuwa.

Bwana wa manispaa alikuja na futi kamba.
Akauliza ramani alichora nani.
Mama Namkunda akacheka mpaka akakaa chini.
"Marehemu Mbonea?
Yule hata jina lake aliliandika kwa dole gumba."

Jumamosi tukakanyaga udongo, samadi, majivu,
miguu mitupu, tope hadi magotini.
Elifasi naye alikanyaga, kimya.
Nikafika kwenye ufa mmoja mwembamba juu ya dirisha,
nikachota tope niuzibe.
Akanishika mkono mama yule.
"Huo uache. Hapo ndipo inapopumulia."

Nikatafuta penseli,
nikaandika tarehe pembeni yake,
herufi ndogo,
kama kwenye fremu ya mlango
wanapopimwa watoto kimo.