Kibati

Rafu ya mwisho, duka lile la Židenice,
ndiko vinakokaa vitu vilivyorudi.
Kila kimoja na kibandiko cha rangi ya chungwa:
KIMEFUNGULIWA. Punguzo, thelathini na tano kwa mia.
Kwa nini kilirudi, hakuna anayeandika.

Nilichagua madabodi
ambayo sanduku lake lilikuwa na gundi juu ya gundi,
mfuko wake wa rangi ya fedha umekunjwa na mtu mwenye haraka,
na ndani, unywele mmoja mweupe,
wa paka, nadhani.
Nilimulika soketi kwa tochi ya simu,
nikapitia pini safu kwa safu
kama mtu anayechagua mchele.
Hakuna iliyolala.
Bořek, muuzaji, akasema bila kuinua macho:
"Ulivyoiona ndivyo ilivyo."
Najua, rahisi huvunja upishi.
Lakini mwezi ule hata kuni sikuwa nazo.

Nyumbani nikagundua kilichopungua:
kile kibati chembamba cha nyuma,
chenye matundu ya kuchomekea waya
na vidole vidogo vinavyokwaruza mkono.
Nikacheka. Pambo tu hilo,
kizuizi cha vumbi.
Nikaacha shimo wazi, refu kama kiganja,
nikabonyeza kitufe, feni zikazunguka,
kompyuta ikaamka kwa mlio mmoja mfupi.

Alhamisi, saa tatu usiku, mlango ukagongwa.
Drahomíra wa ghorofa ya juu,
miaka thelathini dereva wa tramu,
sasa amevaa ndala za manyoya
na redio kwapani, antena nje kama pembe.
Hakutoa salamu.
Akaipitisha redio ukutani, kwenye hita, kwenye friji,
akisikiliza kama mkunga
atafutaye moyo wa mtoto tumboni.
Alipofika nyuma ya meza yangu
redio ikalia
kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji.

"Basi ni wewe," akasema.

Tartu yuko mtu anaitwa Aivar.
Kila Alhamisi humpelekea nukta na vistari,
naye humjibu; miaka kumi na tisa,
hawajawahi kuonana uso.
Wiki hii Aivar alimezwa na mvumo.

Nikamwonyesha shimo. Akatia kidole, akakitoa.
"Humo ndani kuna saa inayopiga
mara bilioni kadhaa kwa sekunde moja.
Kila pigo linatafuta pa kutokea.
Umelijengea nyumba,
halafu ukasahau mlango."

Nami siku zote nilidhani
ngao humlinda aliye ndani yake.

Nikampigia Bořek. Akacheka, akakata simu.
Mahali fulani mjini hapa, ndani ya droo,
kati ya betri zilizokufa na funguo zisizo na kufuli,
mwenye paka mweupe anacho kibati changu
wala hajui ni cha nini.

Drahomíra akapanda, akashuka
na kopo la biskuti na mkasi wa bati.
Tukapima kwa karatasi, tukakosea,
tukapima tena. Akakata. Nikapiga tupa.
Kidole changu kikatoka damu, akanipa kitambaa
bila kuacha kunikaripia:
"Kwangua rangi pembeni! Bati liguse bati,
rangi haipitishi kitu."
Nikakwangua hadi chuma kikang'aa.

Kibati kikaingia kwa shida, kimepinda kidogo.
Ukitazama kompyuta yangu kwa nyuma,
kati ya tundu la sauti na la mtandao
utaona nusu ya kulungu
na herufi tatu za jina la kiwanda cha biskuti.

Tukawasha. Akasogeza redio.
Kelele haikwisha yote. Ilibaki kama mvua
inayonyesha mtaa wa pili.
"Itatosha," akasema, akatazama saa, akakimbia ngazi,
ndala moja ikabaki kwangu.

Nilikaa na ile ndala mapajani.
Nilizima feni moja, kisha ya pili, nisikie.
Saa nne na robo, kwenye bomba la hita
linalopita kwake na kushuka kwangu,
akagonga kwa kijiko: fupi, ndefu, fupi.

Sijui maana yake.
Nami nikagonga hivyohivyo.