Asilimia Sitini na Moja

Fundi Mihayo alinitandikia viwili mezani,
dukani kwake nyuma ya stesheni ya Tabora:
kimoja cha rangi, king'aavu kama simu,
kimoja cha kijivu, kona imekwaruzika.
Nikavitoa juani, saa saba mchana.
King'aavu kikanionyesha uso wangu.
Cha kijivu kikanionyesha maneno.

Nikalipa. Kituo changu ni Usinge,
umeme huko ni mgeni asiyeaga,
na chaji ya hiki, aliapa, ni wiki tatu.

Usiku nikakiwasha. Kikaniuliza lugha:
nikapekua orodha mpaka chini, Kiswahili hakimo.
Haya, Kiingereza, kama barua za ofisini.
Kikaniuliza jina. Nikaandika Nyanzala,
bila cheo, bila namba ya ajira.
Herufi nikazikuza mara mbili;
miwani yangu ilipanda behewa la Mpanda, haikurudi.

Ndani, vitabu arobaini vya mtu nisiyemjua.
"Futa vyote," Mihayo alisema, "kianze upya."
Nikafuta thelathini na tisa.
Hiki kimoja mwenyewe aliishia asilimia sitini na moja,
mtu yuko nje, anabisha hodi.

Treni ya Kigoma imechelewa tena.
Nimeanza ukurasa wa kwanza, sina haraka.
Nikifika pale alipoachia,
mlango nitaufungua mimi.