Hodi ya Nne

Benki iliitupa. Madirisha mapya, walisema,
hayaingii kwenye ukuta mkongwe namna hii.
Mama Ndekirwa akainunua kwa bei ya jogoo,
akaiweka mezani, kando ya mizani,
ofisi ya chama cha kahawa, Uru.
Nami nikapanda kutoka Pasua, Linux kwenye flashi,
na koti, maana Julai kule haina mzaha.

Ikauliza jina lake.
"Kumbe nayo hubatizwa? Iite Jogoo,
tusisahau tuliipata kwa kiasi gani."

Ikauliza neno la siri. Nikaandika; kioo kimya,
hata nukta.
"Kibodi imekufa," akasema Mama.
Haijafa. Inasikia, ila haitaki jirani asome.
Akaguna: mlima nao hatujauona tangu Jumatatu,
na maji ya mfongo yanashuka tu.

Kisha mtandao.
Antena haina kiendeshi,
kiendeshi kiko mtandaoni,
mtandao uko ng'ambo ya kiendeshi:
ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba unayotaka kuifungua.
Nikakaa mpaka chai ikapoa.

Anaeli, mpima kilo, akachomoa simu kiunoni.
"Ina bando la mia tano. Usilimalize, kuna mechi saa kumi."
Tukaiunga kwa waya wa kuchajia.

Nikabisha hodi kwenye namba ya mbali.
Mstaarabu hubisha tatu, akinyamaziwa hurudi kwao.
Mashine haina adabu hiyo.
Ya nne ikaitikiwa.

Namba iliitika, jina likagoma,
kama kumjua mtu kwa nyumba tu, ile ya baada ya daraja,
mlango wa bluu,
usijue anaitwa nani.
Faili moja, mstari mmoja: ukipotea, muulize huyu.
Majina nayo yakaanza kuitika.

Programu ya hesabu ilikuja kama posa:
umeomba binti, mjomba anadai mbege,
shangazi hatoki chumbani bila blanketi,
na blanketi lenyewe lina wadai wake.
Vifurushi arobaini na kimoja!
Anaeli akawa anazisoma megabaiti kwa sauti
kama mtu anayepimiwa kahawa yake kwa mizani mibovu.

Asilimia tisini na sita, umeme ukakatika.

Hakuna aliyesema kitu.
Mama akatoa mahindi ya kuchemsha.

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro.
Nikaandika amri ileile,
ikaendelea pale ilipoachia, bila lawama.

Mama akaingiza wa kwanza:
Ndesario Kiwelu, kilo kumi na saba na nusu.
Akaitazama kwenye kioo, muda mrefu.
Halafu akavuta daftari la karatasi
akaandika na huko.
"Hili," akasema, "halijawahi kukatikiwa umeme."

Sikubisha. Nikamrushia Anaeli bando la elfu moja.
Dakika ya sabini, akatangaza kutoka mlangoni.
Tulikuwa tumeshafungwa mawili.