Ufunguo wa Kabati

Treni ya Samastipur, ya saa moja na dakika kumi,
ilifika saa tatu kasoro robo, bila haraka,
kama mgeni anayejua atapikiwa tu.

Feni ya behewa letu ilikufa swichi zamani.
Mzee Lakhan Paswan akachomoa kitana mfukoni,
akayasukuma mapanga yake mara tatu;
ikaamka, ikakohoa vumbi la mwaka juzi vichwani mwetu.
Chooni hakuna maji. Hilo silisemi tena.
Nimelisema tangu binti yangu anatambaa,
na sasa yuko chuo, Patna.

Tulipopita Dholpatti tukasimama.
Si stesheni. Ni shamba la haradali,
manjano mpaka macho yanauma,
na kunguru juu ya nguzo anatukagua
kama mkaguzi wa tiketi.
"Tunaipisha ya mwendokasi," mtu akasema.
Siku zote sisi ndio wa kupisha.
Ikapita, vioo vimefungwa, ubaridi wao umo ndani.
Mtoto mmoja akatupungia mkono
kabla sijaamua kumchukia.

Phuleshwari alikuwa na madebe mawili ya maziwa.
Alifungua kifuniko, akanusa, akafunga.
Akafungua tena.
Mara ya tatu hakunusa. Alikalia tu.

Leo niliposhuka nikasema, liwalo na liwe.
Nikamwendea mkuu wa stesheni, nikadai kitabu cha malalamiko.
Alikuwa anainywa chai kwenye kisahani, anaipuliza.
Akaelekeza kidevu kwenye kabati la chuma.
"Kimo humo. Ufunguo anao Tripurari."
"Tripurari yuko wapi?"
"Anakuja."
"Anakuja na nini?"
Akaniangalia kwa huruma ya kweli.
"Na treni ya saa nne."

Sasa ni saa saba.
Phuleshwari ameyauza kwa mpika halua, nusu bei,
amekaa nami benchini, anazihesabu noti mara ya pili
kana kwamba zitaona haya, ziongezeke.
Sauti ya kike kwenye kipaza inasikitikia usumbufu
kwa lugha tatu,
na katika zote tatu haijawahi kupanda treni.
Malalamiko nayaandika kichwani; niko ukurasa wa nne,
bado sijafika chooni.

Reli zinaanza kuvuma.
Tunasimama sote, hata mwenye chai.

Ni ya mwendokasi.